Namna nyumba za Karavia zinaweza kurekebisha kamera ya droni

Bandugu, wengi wetu ba agronome tunarusha droni juu ya shamba la mahindi, tunaunganisha picha mu programu, halafu tunaamini kila kitu ramani inasema. Mimi siamini haraka vile. Shamba iko sawasawa kama meza. Droni ikipita kwa kimo kimoja, kamera ikiangalia chini tu, programu inashindwa kutofautisha lenzi yenye kukuza kidogo na droni yenye kuruka chini kidogo. Tena upindo wa lenzi unaweza kugeuka kilima cha uongo: katikati panapanda, kandokando panashuka. Chimba mifereji kwa kufuata ramani ile, maji yatakataa kupita, na franga za mkulima zimeisha.

Hapa njo majengo yanasaidia. Karavia iko na kuta ndefu zilizonyooka, pamoja na ile hoteli kubwa kando ya ziwa. Ukuta ulionyooka ukionekana umepinda kwenye picha, lenzi njo imeupinda, na upindo ule unapimika. Mmarekani Duane Brown alionyesha kazi hiyo mu mwaka 1971 kwa kupiga picha za nyuzi zilizoning'inizwa na timazi. Kona ya jengo ni timazi yetu ya bure.

Kona zile zinafanya kazi ya pili. Vitu vyote vya wima, ukivirefusha kwenye picha kwa rula, vinakutana pahali pamoja: chini kabisa ya droni. Kama kamera inaangalia chini kweli, pahali pale ni katikati ya picha. Vikikutana pembeni, kamera imeinama. Tuseme fokasi, yaani umbali toka lenzi mpaka pale picha inajichora, ni pikseli 3,000, na makutano yako pikseli 105 toka katikati: kamera imeinama digrii 2 hivi. Ukipiga picha kwa mshazari, kuta mbili zenye pembe mraba zinakupa hata fokasi yenyewe.

Lakini si kila ukuta ni wa kuamini. Ile nyumba fundi alijenga kwa jicho, iache. Chukua kona nyingi, na ile inayobishana na zingine itupe. Majengo na shamba upige siku moja, kamera ile ile, bila kugusa zumu, sababu kamera ndogo zinabadilika na joto na mitikisiko. Ruhusa ya kurusha juu ya mji, omba mbele. Kule mbali na mji, hata depo ya mbolea inatosha.