Mchukuzi Aliyekataa Kuchoka

Huenda umewahi kuisikia katika santuri sauti nzito ya mwanamume inayoanzia chini kabisa, ikapanda pole pole hadi ikajaza chumba. Wimbo huo ni “Ol’ Man River”. Uliandikwa na Wamarekani weupe wawili, Jerome Kern muziki na Oscar Hammerstein maneno, kwa ajili ya mchezo wa jukwaani “Show Boat”, uliofunguliwa New York Desemba 27, 1927. Mwimbaji wake ni Joe, mchukuzi mweusi katika gati za mto Mississippi, anayeutazama mto ukipita bila kujali jasho la wanaobeba marobota ya pamba kandokando yake.

Usiku ule aliyeimba alikuwa Jules Bledsoe, ingawa watunzi walikuwa wamemkusudia Paul Robeson, ambaye baba yake alizaliwa mtumwa akatoroka. Robeson aliuimba London mwaka 1928. Na katika mji huo huo, miaka michache baadaye, alijifunza Kiswahili! Mwaka 1936 akauimba katika filamu iliyoongozwa na James Whale. Ukibahatika kuiona, angalia jinsi kamera inavyomzunguka alipoketi gatini.

Lakini wimbo ulikuwa na mwiba. Mchezo wenyewe ulifunguliwa kwa tusi dhidi ya watu weusi, tena wakiimbishwa wao wenyewe. Na Joe, mwisho wa wimbo, anakiri kwamba amechoka kuishi na anaogopa kufa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, Robeson alikataa kukiri hivyo. Kila aliposimama jukwaani aliyabadili maneno, mchukuzi akaapa kupigana hadi pumzi ya mwisho. Muziki haukuguswa hata kidogo. Nathubutu kusema kwamba tangu hapo wimbo ulikuwa wake kuliko wa waliouandika.

Filamu, hata hivyo, ikishapigwa haigeuki. Joe wa mwaka 1936 angali amechoka pale pale gatini.

Serikali ya Marekani ilimnyima Robeson pasipoti tangu 1950 hadi 1958. Alipoachiwa alisafiri tena, na Novemba 9, 1960, akiwa Sydney, aliwaimbia wajenzi wa jumba la opera lililokuwa bado linajengwa. Hapakuwa na pazia wala vinanda. Wajenzi walipanda juu ya majukwaa yao ya ujenzi wakasikiliza. Kamera ilikuwapo, na picha za siku ile zipo hata leo.