Nusu Kilo Haifiki: Rekodi za Ukoo wa Sungura

Katika hadithi zetu, sungura humshinda simba, fisi na tembo kwa ujanja. Porini wapo ndugu zake walioshinda kwa mambo mengine, na kila ushindi una bei yake.

Mdogo kuliko wote
Ni sungura kibete wa magharibi mwa Marekani, katika majimbo kama Idaho, Nevada na Oregon. Aliyekomaa ana gramu 375 hadi 500, na urefu wake haufiki sentimita 30. Mpandishe kwenye mizani ya duka, jiwe la nusu kilo kwa kawaida litamzidi.

Anayemfuata
Ni sungura wa volkano wa Mexico, anayemzidi uzito kidogo tu. Makao yake ni miteremko ya volkano chache karibu na mji mkuu, ikiwemo Popocatépetl. Kwingine porini hayupo.

Jitu la kale
Mamilioni ya miaka iliyopita, kisiwa cha Minorca kilikuwa na Nuralagus rex, sungura wa kilo 12 hivi. Hakuwa na adui wa kumkimbiza, na uti wake wa mgongo ulikakamaa hata hakuweza kuruka kama wenzake.

Bingwa wa uchungu
Sungura kibete hutegemea kichaka kimoja chenye harufu kali, cha jamii ya pakanga. Majira ya baridi, theluji ikitanda, hadi asilimia 99 ya chakula chake ni majani hayo. Chini ya kichaka hichohicho hujificha, na kwenye udongo laini wa hapo huchimba shimo lake mwenyewe, kazi ambayo sungura wengi wa Amerika Kaskazini hawaifanyi.

Aliyeponea chupuchupu
Katika bonde la mto Columbia, jimbo la Washington, mashamba yalimeza vichaka. Mwaka 2001 walikamatwa sungura kibete 16 ili wazalishwe. Kwa kuwa walikuwa wachache na ndugu kwa ndugu, uzazi ulidorora, ikabidi wapandishwe na wenzao wa Idaho. Wa mwisho wa damu halisi alikufa mwaka 2008. Mwaka 2011 machotara wao walirudishwa porini, lakini mwaka 2017 moto wa nyika uliteketeza mojawapo ya nyua za kuzalishia.

Kichaka kile kikishaungua hakichipui tena kutoka kwenye kisiki, huanza upya kwa mbegu. Mpaka ikue, sungura kibete hana chakula wala pa kujificha.