Jiko, Dirisha na Blanketi la Tatu

Tunasema hasa nanyi wa Kinangop, Molo, Timboroa, Nyahururu na hapa kwetu Limuru, ambao mnatusikiliza mkiwa mmejitanda blanketi mabegani. Ninyi wa Mombasa na Garissa tunawaomba mtuvumilie kidogo. Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya ugomvi ambao hauletwi mbele ya wazee wa kanisa, kwa maana kila mtu huona haya kuutaja. Ni ugomvi wa mume na mke juu ya joto la nyumba.

Sisi tunaozungumza nanyi ni mume na mke. Mmoja wetu alizaliwa Kinangop, akakua akikanyaga umande wa baridi kila asubuhi akienda kukamua ng'ombe. Mwingine alizaliwa Malindi, ambako hata mwezi wa saba usiku una joto la nyuzi 20 na zaidi. Tulipooana tukaja kukaa Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Wataalamu wa hewa wanasema kwamba kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Basi yule wa Malindi aliacha kwao nyuzi 12 au 13 za joto siku ile alipopanda gari kuja kuolewa, na hakuna aliyemwambia. Tena kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane pepo za kusi huleta mawingu yakatanda juu ya milima yetu, jua lisionekane siku tatu, nne mfululizo.

Mwaka wa kwanza tulifanya mzaha. Mwaka wa pili mzaha ulipungua. Yule wa Malindi alikuwa akifunga dirisha saa kumi na moja jioni, na yule wa Kinangop akirudi kazini analifungua kabla hata ya kuvua kofia, akisema kwamba nyumba inanuka kama ghala. "Bwana, hii ni nyumba au ni kisima?" bibi aliuliza. Bwana akajibu kwamba mama yake alilea watoto saba katika baridi kuliko hii wala hakuna aliyekufa. Mnajua maneno ya namna hiyo. Yakishatoka hayarudi.

Sasa tukitazama nyuma tunaona kwamba hatukuwa tukigombana juu ya baridi peke yake. Makaa yana bei yake, na mwenye kulipa gunia huona kila kipande kinachoungua. Tena mtu akisema "nyumba hii ni baridi", mwenye nyumba husikia "umenileta mahali pabaya". Na mtu akijibiwa "vaa sweta", husikia "taabu yako si kitu". Kila mmoja wetu aliamini moyoni kwamba mwenzake anajifanya.

Basi tukafanya kama wafanyavyo watu wenye amani, tukapatana. Jiko litaingia chumbani na dirisha litafungwa, ili huyu apate joto. Mlango wa sebuleni utaachwa wazi, ili yule apate hewa. Tulijiona tuna hekima sana. Makaa yalikuwa yamekwisha kushika vizuri, mekundu, hayana moshi hata kidogo, nasi tulikuwa tumefundishwa tangu utoto kwamba moshi ukiisha hatari imekwisha.

Usiku wa tatu wa mapatano hayo mtoto wetu, aliyekuwa na miaka minne, alitapika. Mama yake aliinuka kumshika, miguu ikamkataa, akaanguka kando ya kitanda. Yule wa Kinangop aliamka na kichwa kinachogonga kama nyundo. Alikwenda moja kwa moja dirishani akalifungua, wala si kwa sababu alijua lolote. Ulikuwa ukaidi wake wa siku zote. Kisha akatutoa nje mmoja mmoja, tukaketi barazani katika manyunyu, tukitetemeka. Hospitalini daktari alituuliza swali moja tu: "Mlilala na jiko?"

Tungependa kueleza jambo hili kwa utaratibu, kwa kuwa kila mwaka majira ya baridi yakifika tunasikia habari za jamaa waliokutwa asubuhi hawaamki. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikerezi koo. Ukiivuta huingia katika damu na kushika mahali pale pale ambapo oksijeni, ile hewa ya uzima, hubebwa. Nayo hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi damu inaendelea kuzunguka lakini imebeba mzigo usiofaa. Kichwa huuma, kizunguzungu hukujia, tumbo huchafuka, viungo hulegea, usingizi huja mtamu. Hapo ndipo penye ubaya wake: mtu aliyekwisha kulegea hana nguvu ya kuufikia mlango, na aliyelala haamshwi na kitu chochote. Mtoto aliye tumboni yuko hatarini kuliko mama yake.

Mlango wa sebuleni haukutusaidia kwa sababu sebule nayo ilikuwa imefungwa. Na msifikiri kwamba kuacha dirisha wazi kidogo kunatosha ili mlale na jiko. Hakutoshi. Jiko hutoka nje kabla watu hawajalala, hata likiwa limefunikwa majivu, kwa maana makaa yaliyofunikwa majivu bado yanaungua polepole na kutoa sumu. Mkimkuta mtu amezidiwa, mtoeni kwanza penye hewa safi, ndipo mtafute gari la kumpeleka hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Jambo la pili lilitoka hospitalini. Damu ya yule wa Malindi ilipopimwa ilionekana kwamba ni pungufu, wala haikuanza jana. Daktari alisema mtu mwenye upungufu wa damu husikia baridi kuliko wenzake, na sumu ile humdhuru upesi zaidi. Bwana alinyamaza kimya. Miaka miwili alikuwa amemwita mwenzake mdekaji. Ikiwa nyumbani mwenu yuko mtu anayelalamika baridi siku zote, hata jua likiwaka, mpelekeni apimwe. Inaweza kuwa damu, inaweza kuwa ile tezi ya shingoni haifanyi kazi yake vizuri.

Lakini hata watu wazima wa afya hawasikii baridi sawasawa. Mwili ulioketi hutoa joto kadiri ya balbu moja ya wati 100, nao ukilima au kupanda mlima hutoa mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo anayetoka shambani na anayeketi akishona nguo wako katika chumba kimoja lakini si katika hali moja. Misuli ndiyo hutengeneza joto jingi, na wanaume kwa kawaida wana misuli mingi zaidi. Kwa wanawake wengi mishipa ya mikono na miguu hujibana mapema ili kulinda joto la ndani, ndiyo maana vidole vyao huwa kama barafu huku kifua kina joto. Wazee nao mishipa yao imechoka. Mnakumbuka habari za Mfalme Daudi alipokuwa mzee, jinsi watumishi wake walivyomfunika nguo nyingi asipate joto. Yule hakuwa mdekaji, aliyemwua Goliathi.

Tena kuna kuta. Sisi tulinunua kipimajoto kidogo tukakitundika sebuleni, tukidhani kitakuwa hakimu wetu. Kilisema nyuzi 17. Bwana akafurahi. Lakini aliyeketi karibu na ukuta wa mawe na dirisha la kioo huupoteza mwili wake joto kuelekea vitu vile vya baridi, ingawa hewa inayomzunguka ni ile ile ya aliyeketi karibu na mlango wa jikoni. Kiti cha bibi kilikuwa chini ya dirisha. Tulikihamisha, na hilo peke yake lilipunguza maneno kwa nusu.

Wapendwa, ugomvi huu si wa Limuru tu. Watoto wetu walioko Uingereza na Marekani hutuandikia kwamba huko nyumba nyingi zina kifaa ukutani cha kuamuru joto, na kwamba mume hukishusha, mke hukipandisha, hata wageni waliopanga chumba pamoja hukorofishana. Wakubwa wa nchi wameuingilia pia. Rais Carter wa Marekani, mwezi wa pili mwaka 1977, gesi ilipokuwa haba katika majira makali ya baridi, alisema na taifa katika televisheni akiwa amevaa sweta, akawaomba watu washushe joto la nyumba mpaka nyuzi 18 mchana na 13 usiku. Ujerumani, mwezi wa tisa mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kupunguza gesi, ofisi za serikali ziliwekewa mpaka wa nyuzi 19. Nalo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilisema kwamba katika nchi za baridi nyumba isiwe chini ya nyuzi 18, na kwamba wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi.

Lakini hata tarakimu hizo hazimalizi neno. Bwana mmoja wa Denmark, P. O. Fanger, alitoa kitabu mwaka 1970 juu ya jambo hili, akitumia majaribio ya watu zaidi ya 1,000 waliokaa katika vyumba vilivyopimwa joto. Alikuta kwamba hata ukichagua joto lililo bora kuliko yote, bado watu 5 hivi katika kila 100 hawataridhika. Na mwaka 2015 wataalamu wawili wa Uholanzi walionyesha kwamba kanuni za joto maofisini zilitegemea mwili wa mwanamume wa makamo, zikaukadiria mwili wa mwanamke kuwa unatoa joto jingi kuliko unavyotoa kweli. Bibi alipolisikia hilo aliomba lisomwe mara ya pili.

Basi kama hakuna joto moja linalomfaa kila mtu, kazi ya kugombania chumba haina mwisho. Sisi tuliacha kupasha chumba, tukaanza kumpasha mtu. Nguo mbili nyepesi hushinda moja nzito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayozuia joto lisitoke. Soksi za sufi na mkeka juu ya sakafu ya simenti hufanya kazi kubwa kuliko debe la makaa. Watu wengi hurundika mablanketi juu na kusahau chini, nalo godoro jembamba linanyonya joto usiku kucha. Blanketi la tatu likitandikwa chini ya shuka utaona tofauti. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa huwekwa miguuni nusu saa kabla ya kulala, ila si kitandani mwa mtoto mchanga, wala yeye asifunikwe uso. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto jingi juu. Ukipata fedha, anza na dari kabla ya viti vipya. Uji wa moto usiku ni mzuri. Pombe, ambayo wengine husema ni dawa ya baridi, huleta damu kwenye ngozi ili mtu ajisikie moto huku joto lake linatoka nje.

Mtume Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, hakuandika kwamba baridi ni jambo la kimwili lisilostahili kutajwa. Alimwagiza Timotheo amletee joho lake alilokuwa ameliacha Troa kwa Karpo, tena alimwambia ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Yule wa Kinangop aliposoma maneno hayo baada ya mambo yaliyotupata, alitoka akaenda sokoni akanunua sweta mbili za sufi za mtumba. Hakueleza sababu, wala hakuulizwa.

Hatutaki mfikiri kwamba sasa tunakubaliana. Mwezi wa saba uliopita tulibishana siku mbili juu ya upana wa ufa wa dirisha, kama uwe vidole viwili au vinne. Ulibaki vitatu. Lakini juu ya jiko hatuna mapatano tena wala majadiliano. Likiisha kupika chakula cha jioni hutoka barazani, mvua inyeshe isinyeshe, likachemsha maji ya chupa hapo nje. Mtoto wetu ndiye aliyejipa kazi ya kuuliza kila usiku kabla ya sala, "Jiko liko wapi?" Na mmoja wetu, yeyote aliye karibu na mlango, huenda kutazama.