Mchangishaji Fedha Alipwe kwa Kazi, si kwa Asilimia

Bodi ya hospitali au chuo inapotafuta mshauri wa kuchangisha fedha, swali la kwanza huwa atachukua asilimia ngapi. Linaonekana swali la busara, kwa kuwa asiyeleta kitu hatalipwa kitu. Mimi naona ndilo linaloharibu kazi tangu mwanzo. Anayelipwa kwa asilimia hukimbilia hundi kubwa na ya haraka, na hundi ya aina hiyo aghalabu hutoka kwa mfadhili mmoja, au hutolewa kwa ajili ya jengo litakalobeba jina lake. Ndiyo maana AFP, chama cha wachangishaji wa kitaalamu chenye makao Marekani, kinawakataza wanachama wake kupokea malipo ya asilimia. Wanatakiwa kukubaliana ada mapema.

Mji wa Eldoret, Kenya, unatosha kutuonyesha kinachohatarishwa. AMPATH, ushirikiano wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya nje vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Indiana, ulianza mwaka 2001 kutibu wagonjwa wa UKIMWI. Urafiki wenyewe wa Moi na Indiana ulikuwa na zaidi ya miaka kumi kufikia hapo, na huo ndio mtaji ambao hakuna asilimia inayoweza kuupima. Baadaye fedha za serikali ya Marekani zilipanua huduma hadi makumi ya maelfu ya wagonjwa magharibi mwa Kenya. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, Rais Trump akasimamisha misaada ya nje kwa amri moja. Walioyumba wa kwanza ni wahudumu wa kliniki waliolipwa kwa fedha hizo, si majengo. Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mjini humo mwaka 2015, ilipita njia nyingine: mwanzilishi wake, mwanariadha Toby Tanser, alichangisha kwa wakimbiaji na wahisani wengi, na jengo likawa sehemu ya hospitali ya umma iliyokuwapo tayari. Swali gumu zaidi, la nani atamlipa muuguzi kila mwezi, lilikuwa na pa kujibiwa.

Mshauri mwenye ada maalumu anaweza kuiambia bodi ikatae msaada wa mashine isiyo na bajeti ya matengenezo. Anaweza pia kuishauri isitangaze ufadhili wa mwanafunzi wa udaktari, masomo ya miaka sita, ilhali ina karo ya miwili tu. Mwenye asilimia akisema hivyo anajikatia riziki.

Wapo watakaosema kwamba Wakenya tuna harambee, na haihitaji mshauri. Harambee hulipa bili moja vizuri sana, lakini mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kila wiki hawezi kuitisha harambee kila wiki. Hoja nzito zaidi ni kwamba ada hulipwa hata mchango usipopatikana, na fedha hizo zingenunua dawa. Ni kweli, hasara hiyo ipo. Inapunguzwa kwa mkataba mfupi unaotaja kazi inayopimika: wafadhili wangapi wametembelewa, taarifa za matumizi zimewafikia lini, wa mwaka jana wangapi wamechangia tena. Mkataba wa asilimia hauiondoi hasara. Unamtwika mfadhili, anayedhani shilingi yake yote imefika wodini.