Kutoka Mafia Hata Dar es Salaam kwa Njia ya Mbwera

Wasafiri wengi watokao Mafia kwenda Dar es Salaam hupanda kivuko Kilindoni, wakateremka Nyamisati, wakaingia basi na kulala usingizi hata Mbagala. Katika likizo ya shule ya mwezi wa Desemba sisi nasi tulikuwa na nia hiyo hiyo. Lakini tunaye shangazi yetu Mbwera, katika delta ya Rufiji, ambaye macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, na hospitali moja ya mjini ilikwisha kumwekea siku ya kutolewa mtoto wa jicho. Ikatupasa tumpitie.

Safari ilianza Bweni, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mafia, kwa motokaa ya kukodi. Kutoka huko hata Kilindoni ni kilomita 50 hivi. Njia hupita Kanga na Kirongwe kati ya minazi na mikorosho, na bahari mara huonekana, mara hufichika. Kilindoni tuliwapeleka watoto kumwona potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, afikaye pwani ile kati ya Oktoba na Machi. Urefu wake waweza kupita mita 10, na chakula chake ni vijidudu vya baharini na samaki wadogo wadogo. Kitinda mimba wetu alipouona mgongo ule wenye madoa meupe ukipita kimya kando ya chombo, alinyamaza kutwa nzima, jambo ambalo hatujapata kuliona tena.

Kivuko kilipokaribia bara, maji ya buluu yaligeuka kijani, kisha yakawa kama chai ya maziwa. Hayo ndiyo maji ya Rufiji yenye udongo wa bara, na juu ya udongo huo umesimama msitu wa mikoko wa hekta 53,000 hivi, usio na mfano wake kwa ukubwa katika Afrika Mashariki. Ndani ya mito hiyo ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, mwaka 1914, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Waingereza walitumia hata ndege zilizoruka kutoka Mafia kuitafuta, na hawakuiangamiza mpaka tarehe 11 Julai 1915.

Nyamisati tulipanda mashua ya mashine kuelekea Mbwera. Iko pia njia ya nchi kavu kupitia Mbuchi, ila mvua ikinyesha hugeuka utelezi mtupu. Nahodha, mzee mcheshi, aliwasomesha watoto miti kama mwalimu: mkoko ndio wa boriti, mlilana wa mataruma ya vyombo, msikundazi wa milingoti, mkandaa magome yake hutoa rangi. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuwa yakija na kaskazi kuchukua boriti hizo, yakarudi na kusi, na nyumba nyingi za mawe za Zanzibar na Lamu dari zake zimelala juu ya miti kama hiyo. Siku hizi mikoko ni msitu wa hifadhi, wala haikatwi pasipo kibali.

Saa kumi na moja jioni mashua ikakwama. Mwezi ulikuwa robo, maji ni mafu, na mkondo ulikuwa umekupwa hata tukaona kaa wakitembea chini ya ubavu wa chombo. Tuliuliza tutafika saa ngapi.

"Hapa hapana saa, mwanangu," alijibu nahodha. "Yapo maji."

Tukakaa matopeni kwa saa nne pamoja na mbu. Magharibi ilipoingia tulitawadha kwa maji ya chumvi, na mtoto mmoja akauliza kibla kiko wapi. Nahodha akamwambia aliweke jua linalotua mkono wa kushoto. Ni kweli, maana Makka na delta hii zimo karibu katika mstari mmoja, na kibla cha Mbwera ni kaskazini, karibu sawasawa. Tukasali tumeketi. Baada ya sala nahodha alituambia, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, kwamba mahali pale pale amewahi kukwama na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Mtoto alizaliwa salama kabla maji hayajarudi. Hatukumwuliza habari za safari nyingine.

Shangazi tulimkuta anangoja na taa. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, wanangu. Nimewajua kwa sauti." Asubuhi alituonyesha shamba lake la mpunga kwa kunyosha fimbo, maana yeye mwenyewe hakuliona. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyofunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, yalimchukulia mpunga wake wote. Mwaka huu adui ni kaa, ambao huikata miche ingali michanga. Mlinzi ni mjukuu wake wa miaka 19, kijana mtaratibu, aliyetuuliza mara tatu kodi ya chumba Mbagala ni kiasi gani. Ndiye aliyembeba bibi yake mgongoni kuvuka matope hata mashuani, kisha akarudi shambani pasipo kugeuka.

Kutoka Nyamisati basi lilipita njia ya udongo hata Bungu, likaingia barabara ya lami: Jaribu Mpakani, Kimanzichana, Mkuranga, Vikindu. Shangazi aliyahesabu majina kama tasbihi. Mbagala kelele za mjini zikamshtua, akatushika mkono.

Mtoto wa jicho ni ukungu uingiao katika lenzi ya jicho. Hauondoki kwa matone wala kwa dawa za miti, na wengi hupofuka kwa kungoja tu. Daktari huitoa lenzi iliyochafuka, akatia ya bandia, na kazi yenyewe haimalizi saa moja. Kesho yake kitambaa kilipofunguliwa shangazi alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Mmezeeka." Kisha akacheka, akamshukuru Mungu, akalia.

Daktari alitaka abaki wiki mbili. Siku ya tano mjukuu alipiga simu: kaa wamekwisha kula nusu ya miche, na je, bibi akirudi yeye aweza kuja mjini? Shangazi alikaa na simu ile kitambo, akiitazama kwa jicho lake jipya.

"Bamvua ijayo uje Nyamisati unichukue," akamwambia. "Hayo mengine tutasema njiani."