Kazi ya Diwani Ni Gani? Tuijue Kabla ya Kumlaumu



Ukishuka bichi hapa Muhuru Bay asubuhi, wakati akina mama wanaanika omena, utasikia habari ya diwani hata kabla hujauliza bei. "Alipata kura akapotea." "Simu hashiki." "Tunamwona matangani tu." Diwani naye ukimpata ana malalamiko yake. Kila anapokwenda anaombwa karo, pesa ya hospitali, pesa ya jeneza, na asipotoa anaitwa mchoyo. Basi pande mbili zinanuniana, na maji ya bomba tunayoyangoja hayaji.

Tumekaa na vikundi vingi tukisikiliza ugomvi huu. Tumeona kwamba mara nyingi chanzo chake ni kimoja: tunamdai diwani vitu ambavyo si kazi yake, halafu ile kazi yake yenyewe hatumdai.

Diwani wa zamani na wa sasa

Wengi wetu bado tunasema "diwani" kama zamani. Mpaka 2013 madiwani walikaa katika kaunti kaunsil, na mambo mengi makubwa yaliamuliwa na Waziri wa Serikali za Mitaa kule Nairobi. Tangu 1999 kaunsil zilipewa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi, na kuanzia 2001 zilitakiwa kuwauliza wananchi wanataka miradi gani. Lakini ni wangapi kati yetu walioitwa kuulizwa?

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, kaunti 47 zilianza kazi. Leo diwani wetu ni mwakilishi wa wadi, yaani MCA, na anakaa katika Bunge la Kaunti mjini Migori. Kaunti yetu ina wadi 40, na Muhuru ni moja tu kati yake. Kwa hivyo akienda kule mikono mitupu, bila maneno yetu yaliyoandikwa, sauti yake ni moja kati ya nyingi.

Kazi yake kisheria

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kazi ya MCA ni hii:

1. Kukaa karibu na wananchi na kuwauliza maoni juu ya mambo yanayojadiliwa bungeni.
2. Kupeleka maoni hayo bungeni.
3. Kuhudhuria vikao vya bunge na vya kamati zake.
4. Kuwa kiungo kati ya bunge na wananchi kuhusu huduma za umma.

Pamoja na wenzake anapitisha sheria na bajeti ya kaunti, na anawachunguza gavana na maofisa wake.

Sheria hiyo hiyo inamkataza MCA kufanya kazi ya serikali ya kaunti kana kwamba ameajiriwa nayo. Si yeye anayelipa kontrakta wala kuamuru katapila. Akisimama jukwaani aseme "nimewaletea barabara," tukumbuke pesa hiyo ni kodi yetu. Na barabara ikiharibika kabla ya mwaka kwisha, yeye ndiye wa kuuliza maswali kule Migori kwa niaba yetu. Ataulizaje kama yeye mwenyewe alikuwa mshirika wa kontrakta?

Tujue pia mlango wa kubisha. Zahanati, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, barabara ndogo, masoko, na kuendeleza uvuvi ni mambo ya kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi, na mambo ya mpaka kama yale ya kisiwa cha Migingo ni ya serikali ya taifa. Pesa za CDF zilianza 2003 nazo ni za eneo bunge, si za wadi. Chifu ni wa serikali ya taifa. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Tukimlaumu MCA kwa sababu ya shule ya sekondari, tunamlaumu bure.

Pesa hupangwa lini?

Hapa ndipo wengi tunakosea. Mwaka wa pesa wa serikali unaanza Julai 1. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1 ya mwaka unaotangulia. Kufikia Februari 28 unapelekwa mwongozo unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na bajeti inatakiwa kupitishwa kabla ya Juni 30. Wajumbe wakitaka kuongeza pesa mahali fulani wakati huo, lazima wapunguze mahali pengine.

Tuchukue mfano. Kikundi cha akina mama kinataka banda la kuanikia omena. Mvua ya masika ikinyesha, omena inaoza mchangani, na ile iliyopaswa kuliwa na watu inauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Karo ya watoto imekwenda hapo. Akina mama wakikasirika Mei na kumzomea diwani, hasira yao ni ya haki, lakini wamechelewa. Banda hilo lilitakiwa kutajwa tangu Julai na Agosti ya mwaka uliopita.

Kikundi kifanye nini?

*Kwanza*, kubalianeni jambo moja, si kumi. Liandikeni katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano.

*Pili*, andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa MCA, na nakala kwa msimamizi wa wadi. Nakala yenu ipigwe muhuri. Maneno ya mdomo husahaulika, muhuri hausahauliki.

*Tatu*, kukiwa na mkutano wa maoni ya bajeti, tumeni watu wawili wenye barua hiyo. Mkisikia mkutano ulitangazwa jana yake, au waliitwa wafuasi tu, lalamikeni kwa maandishi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na kuwahusisha wananchi.

*Nne*, mkipuuzwa, mna haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge lenyewe. Karani wa bunge ndiye anayelipokea.

*Tano*, ulizeni habari. Chini ya sheria ya 2016, ofisi ya umma inapaswa kujibu ombi la habari ndani ya siku 21. Mnaweza kuuliza mradi fulani ulipewa pesa ngapi na nani alipewa kazi.

Na sisi tujiangalie

Tusijifiche nyuma ya diwani. Wakati wa kampeni ni sisi tunaosema, "Mheshimiwa, hutuachii hata ya soda?" Mtu akinunua kura zetu, atasema ameshatulipa, na pesa aliyotoa atatafuta jinsi ya kuirudisha. Mwiteni basi kikundini siku ambayo hakuna harambee. Mpeni kiti na chai, na asitoe hata shilingi. Mwulizeni alisema nini bungeni tangu mlipoonana. Diwani mwema atafurahi, maana kwa mara ya kwanza ameombwa kitu anachoweza kutoa. Yule mwingine atatafuta sababu ya kutokuja, nanyi mtajua la kufanya siku ya kura.

Maswali ya kujadiliana

- Mara ya mwisho tulimwomba diwani nini? Je, ilikuwa kazi yake?
- Ni jambo gani moja tunalotaka liingie katika mpango kabla ya Septemba 1?
- Ni nani kati yetu atakayeandika barua, na nani atakayeipeleka?