Punda Anauzwa, Lakini Anakwenda kwa Nani?

Mnadani, mnunuzi wa kuogopwa si yule anayebishana bei mpaka jua linazama. Wa kuogopwa ni yule asiyefungua mdomo wa punda. Hatazami meno, hainui kwato, hamtembezi hata hatua kumi kuona kama anachechemea. Haulizi kama amezoea mkokoteni wala kama ni mpole kwa watoto. Anauliza bei tu, analipa taslimu, tena pengine anachukua wote watatu kwa mpigo. Kwa muuzaji mwenye shida, mtu huyo anaonekana malaika. Sasa jiulize: anayenunua mnyama wa kazi bila kujali kama anaiweza kazi, ananunua nini hasa? Ananunua ngozi.

Wenzetu wengi wanaujua mnada wa Msalato kwa nyama choma, basi. Lakini wengi wetu hapa chuoni tumesomeshwa na minada. Inauzwa mbuzi, anauzwa ng'ombe, na kwa sisi tunaotoka sehemu kavu, ikibana sana anauzwa punda. Msimu wa usajili ukikaribia, majina ya mkopo hayajatoka au yametoka nusu, simu inapigwa nyumbani na mzee anafungua zizi. Kwa hiyo hili ni jambo letu. Anayeuza kwa haraka hachagui mnunuzi, na haraka yenyewe mara nyingi imetoka kwetu.

Kwanza habari ya ngozi, ili tuelewane. Ngozi ya punda huchemshwa ikatoa kitu kama gundi kiitwacho ejiao, kinachotumika China katika dawa za asili na vipodozi. Mahitaji yalipopanda, wanunuzi wakaigeukia Afrika. Kenya ilianza kufungua machinjio ya punda mwaka 2016. Sensa yao ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Kwetu kulikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga, na mwaka 2021 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, nao wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Vizuri sana. Ila marufuku inafunga geti la kiwanda, haifungi kichaka. Ngozi haihitaji kiwanda. Inahitaji kisu, usiku mmoja na gari la kuibeba.

Huyo tumuweke pembeni. Tuseme amekuja mnunuzi wa kweli, anataka punda wa kazi. Hapo ndipo watu wengi wanakosea wakimpima kwa maneno. Atakwambia anapenda sana wanyama. Sawa, hongera yake. Wewe muulize punda atabeba nini, mara ngapi kwa siku, na umbali gani. Nyumba ya punda ni kazi yake. Saa zake nyingi atazipitisha barabarani, si zizini.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150 hivi. Mwongozo unaotumiwa na wengi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Dumu la maji la lita 20 likijaa ni kilo 20. Kwa hiyo madumu mawili, basi. Lakini wewe na mimi tunajua njia za kisimani: ni madumu manne, na juu yake amepandishwa mtoto. Ndiyo maana mimi mnunuzi mwenye mkokoteni mzuri, wenye matairi yaliyojaa upepo na magurudumu yasiyoyumba, ningempa kipaumbele kuliko tajiri wa kumtwika mgongoni. Kwenye mkokoteni uliopangwa sawasawa, uzito unakaa kwenye ekseli na punda anavuta tu. Ukipangwa vibaya, mbele kuzito, unamwangukia mgongoni yule yule.

Halafu tazama anavutia nini. Kuna watu wanachukua nira ya ng'ombe wanamvalisha punda, eti wote ni wanyama wa kuvuta. Ng'ombe ana nundu ya kuzuia nira. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani, na ile nira inamsaga juu ya mabega mpaka nyama inaonekana. Punda anataka mkanda mpana, laini, unaopita kifuani, usiombana koo. Mkanda wa turubai uliokunjwa na kushonwa vizuri unafaa. Kamba ya nailoni ni msumeno.

Kama mnunuzi tayari ana punda mwingine, umepata bahati, kwa sababu huyo ndiye barua yake ya utambulisho. Usimsikilize mwenye punda, msome punda. Mpapase mbavu: ukizihisi chini ya ngozi bila kuziona, ni sawa, ukizihesabu ukiwa mita tano, hapana. Angalia pale mikanda inapokaa, chini ya mkia, na miguuni ambako hufungwa kamba. Mabaka ya manyoya meupe mgongoni mara nyingi si rangi ya kuzaliwa. Ni makovu: kidonda kikipona, manyoya huweza kurudi meupe. Kisha inua mkono taratibu karibu na kichwa chake, kama unafukuza nzi. Akishtuka na kurudi nyuma, hapo nyumbani fimbo inaongea sana.

Waswahili wanasema asante ya punda ni mateke. Mimi methali hii sina ugomvi nayo, ila nadhani imemwonea. Punda huficha maumivu kuliko wanyama wengi. Atafanya kazi akiwa anaumwa mpaka mtu aseme yuko mzima. Siku akirusha teke, ukaguzi wa kwanza uwe kwenye kidonda kabla ya tabia. Na vidonda kwake ni hatari kweli, kwani punda na farasi hushambuliwa kirahisi na tetanasi. Kiswahili kinaiita pepopunda, jina lenyewe linakupa onyo.

Swali lingine ambalo watu hulisahau: nani atamwendesha? Mnunuzi na mwendeshaji mara nyingi si mtu mmoja. Hasa mjini, mwenye punda anamkabidhi kijana kwa hesabu ya siku, kama bodaboda. Kijana anatakiwa alete kiasi fulani jioni, chochote cha juu ni chake. Simlaumu, naye ana njaa. Lakini kila tripu ya ziada inatoka kwenye miguu ya punda, na pikipiki angalau inaweza kuzima yenyewe ikagoma. Kwa hiyo omba kumwona huyo kijana. Kama mnunuzi hajui bado atakuwa nani, au anabadilisha kila wiki, mimi ningesita.

Maji, majani, kivuli, banda la kumkinga na fisi usiku: hayo wengi wanayajua. Lisilojulikana ni upweke. Punda hushikamana na mwenzake sana, na wawili waliokaa pamoja miaka wakitenganishwa ghafla, mmoja anaweza kugoma kula. Hii si deko. Punda asipokula, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu kwa wingi na ini linaelemewa; anaweza kufa ndani ya siku chache. Ukiweza, wauze wawili pamoja hata kwa kupunguza bei, au mpe mtu ambaye tayari ana punda. Jike mwenye mimba anahitaji mtu anayejua kwamba mimba hiyo ni ya miezi 12 hivi na kwamba mwisho wake si wakati wa matofali. Na mtoto asiachishwe mama kabla ya miezi sita.

Bei ikishakubaliwa, sema neno moja tu: "Twende ofisi ya kijiji tuandikiane." Jina lake, namba ya simu, anakoishi, alama za punda, mashahidi. Mnunuzi wa kazi atalalamika kuhusu muda, lakini atakuja, maana karatasi hiyo inamlinda na yeye asije akaambiwa mwizi njiani. Mnunuzi wa ngozi ndiye anayekumbuka ghafla kwamba ana safari. Na kama baadaye mnyama atateswa, tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na afisa mifugo ana pa kuanzia.

Anabaki mmoja, ambaye mahesabu yote haya hayamsaidii: punda mzee. Punda akitunzwa anaweza kufika miaka 30, lakini kwenye ishirini huko meno yameisha, hatua imepungua, na hakuna mtu wa mkokoteni atakayemtaka. Anayemtaka ni yule asiyefungua mdomo. Mzee akikupigia kwamba amepata mteja wa huyo, na ada yako inapungua kidogo tu, mwombe asubiri. Zungumza na ofisi ya wanafunzi kuhusu kulipa kwa awamu, kopa kwa rafiki, uza simu kama ina thamani. Punda abaki nyumbani, apunguziwe hadi madumu mawili asubuhi kwa ajili ya bibi, na apewe pumba zilizolowekwa kwa sababu mabua hawezi tena kuyatafuna.